Mboga Bila Samaki

Kidole gumba cha mguu wa baba mkwe wangu ndicho kilichozuia boma zima tusipande mahindi mwaka ule. Najua utacheka. Cheka tu, hata mimi nacheka sasa, ila wakati ule nilikuwa nimenuna mpaka mashavu yanauma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa karibuni, Mkuria wa Isebania niliyeletwa kwa Wajaluo upande huu wa Rodi Kopany, na Dholuo yangu ilikuwa ya kusalimia tu. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha mimi na mama mkwe, changu cha mpakani, chake cha sokoni. Jina langu hakuna aliyelitumia. Mke huku huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo nikawa Nyar Isebania, binti wa Isebania. Nikikasirika, mume wangu alikuwa akiwaambia ndugu zake, "Leo msipite hapo, mpaka umefungwa."

Kidole kilianza kuvimba kabla ya mvua, wakati wa kulima. Kikawa chekundu, kinang'aa, na shuka ikikigusa tu mzee anapiga kelele. Huyu ni mtu aliyewahi kukanyagwa na ng'ombe wa jembe akaendelea kulima mpaka jioni. Sasa alikuwa analizwa na shuka.

Mume wangu akampeleka zahanati kwa baiskeli. Muuguzi aliyemwona alikuwa mama wa Mombasa, mwenye Kiswahili kile cha kwao ambacho huku tukikisikia tunanyamaza kidogo kwanza ndipo tujibu. Alisema ugonjwa unaitwa jongo, akampa vidonge, akampa na masharti. Nyama basi. Pombe basi. Mzee akamwambia pombe aliiacha siku aliyobatizwa Msabato. Muuguzi akampongeza, akasema, "Basi baba, kuanzia leo wewe ni mboga. Asubuhi mboga, mchana mboga, jioni mboga."

Mzee alirudi amefurahi kama aliyesamehewa deni. Alituita uani, akakaa na mguu wake juu ya kigoda, akatangaza, "Daktari amesema mboga. Mboga tu. Mimi naweza."

Sasa lazima nieleze mboga. Huku kwetu mboga ni kitu chochote kinachosindikiza ugali. Mtu akikuuliza, "Leo mboga ni nini?" unaweza kumjibu ni sukuma, unaweza kumjibu ni maharagwe, na siku njema unamjibu ni samaki. Na samaki si nyama. Nyama ni ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kitu kinachotembea na kulia. Samaki ni samaki. Kwa hiyo muuguzi alisema mboga akimaanisha majani, mzee akasikia mboga akaona ziwa lote la Homa Bay limefunguliwa mbele yake.

Nasi tukamlisha, tena kwa bidii! Nyama ilifukuzwa bomani, hata mchuzi wake. Mama mkwe alinikabidhi kazi ya kumpikia mzee kwa sababu, alisema, mimi nina mkono wa supu. Nikavimba kichwa. Asubuhi nilimpelekea supu ya omena, wale dagaa wa ziwani, nzito, ya kukaza mifupa. Mchana samaki ngege wa kukaanga. Jioni kichwa cha mbuta na nyanya. Sahani zilirudi zimelambwa, na mimi nikawa natembea bomani na shingo ndefu.

Kidole kikazidi. Uvimbe ukapanda mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mzee akawa haendi hata chooni bila fimbo na mtu wa kumshika.

Halafu mvua ikanyesha.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mambo. Katika boma la Wajaluo, mwana hatii mbegu ardhini kabla ya baba na mama kutia za kwao. Huitwa golo kodhi, kutoa mbegu. Baba na mama hutangulia, wao kwanza shambani, na usiku wa kuamkia hapo kuna mambo yao wawili ambayo mkaza mwana hayataji, nami siyataji. Bila hivyo, wanawe wakipanda wamejitafutia balaa. Kanisa lilikuwa limewaambia waache mambo ya kale, nao waliacha mengi kwa moyo mweupe. Hili la mbegu hawakuliacha. Niliwahi kuuliza kama mama hawezi kupanda peke yake, au mume wangu amshikie baba jembe. Mama mkwe akanitazama, akasema tu, "Yawa!" kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kwenye kikapu cha unga.

Kwa hiyo tukakaa. Shemeji zangu wawili walikaa kwenye milango ya nyumba zao wakiitazama mvua. Mume wangu alinoa jembe lililokuwa tayari limenolewa. Ng'ambo ya ua majirani walipanda, wakamaliza, na mahindi yao yakaanza kuchungulia. Mimi nilikuwa na kipande changu cha kwanza cha shamba tangu niolewe, nimekilima mwenyewe, na kila nikipita hapo naona magugu yanaota raha mustarehe. Nilikuwa na hasira na mvua, na mila, na kidole. Mvua zetu si za kuchezea. Ukizikosa za mwanzo, unavuna mabua, na boma lile lilikuwa na watu wengi wa kula.

Tukarudi zahanati. Safari hii tulienda wote: mzee juu ya baiskeli, mguu umefungwa kitenge, mume wangu akisukuma, mama mkwe kando, na mimi nyuma kabisa. Kwetu Wakuria baba mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humtazami usoni, hukai naye karibu, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mama. Tangu niolewe sikuwa nimezungumza naye ana kwa ana hata siku moja.

Muuguzi aliufungua mguu akashtuka. "Baba, hukufuata masharti."

"Nimefuata!"

"Umekula nyama."

"Nyama hata kunusa sijanusa. Nimekula mboga. Uliza hawa."

"Mboga gani?"

Mzee akaanza kutaja kwa majivuno, mtu mwenye dhamiri safi. "Ngege. Mbuta. Omena kila asubuhi."

Muuguzi akabaki mdomo wazi. Mzee akadhani anamshuku kwa mambo ya kanisa, akaongeza haraka, "Na si kamongo, mama! Si mumi! Mimi ni Msabato, nakula wale wa magamba tu."

Mama wa watu alicheka mpaka akashika meza. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akatoka nje, akarudi akifuta macho. Mama mkwe naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini. Mzee peke yake hakucheka. Nilimwona kwa pembe ya jicho, amekaa wima, amefedheheka, nikamhurumia hasa. Alikuwa ametii kwa moyo wake wote.

Muuguzi alipotulia akaomba radhi, akamshika mkono. "Kosa si lako, baba. Ni Kiswahili chetu. Basi nitasema vingine. Usile kitu chochote chenye macho. Kilichokuwa na macho kikakutazama, kiache." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mpishi? Mguu huu sasa uko jikoni kwako."

Njia nzima nilihesabu sahani zilizolambwa. Supu zangu! Mkono wangu wa supu ndio uliokuwa ukimmaliza mzee. Nilifika nyumbani nikaosha sufuria zote kwa majivu, hata zile safi.

Mwanzo ulikuwa vita. Nilimpikia mgagani, ule ambao wao huuita dek, mchungu, wa kuchemshwa na kumwagwa maji. Mama mkwe akampelekea. Baada ya muda nikamsikia mzee kwenye nyumba yake, sauti ya upole kabisa, "Asante. Sasa mboga iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," mama akamwambia.

"Hii ni majani. Nauliza mboga."

Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Kesho yake nikapika kunde. Ikarudi pia, na ujumbe. Alikuwa ameichukua kunde moja, akaigeuzageuza, akaona kile kidoa cheusi kilicho ubavuni. "Mwambie Nyar Isebania hii iko na jicho. Inaniangalia."

Mama mkwe alinipa ujumbe huo huku tumbo linamtikisika kwa kicheko. Mimi nilitupa mwiko. Mpaka ulifungwa siku hiyo, nakuambia, hata mume wangu alikula ugali na chumvi. Watu wanatazama mawingu yanapita, mbegu zinaliwa na wadudu kwenye gunia, na mzee anafanya mzaha na kunde!

Ila hasira yangu huwa inafanya kazi. Niliamka nikasema, wewe mzee, utakula.

Nilianza na uji, kwa sababu uji hauna ubishi. Nilisaga wimbi na mtama, nikakoroga unga na maji ya vuguvugu ndani ya chungu, nikafunika kwa kitambaa, nikauacha karibu na jiko. Ukianza kutoa mapovu na harufu inayokupanda puani, umekuwa tayari. Unachemsha maji, unamimina kidogokidogo, unakoroga bila kupumzika. Mwishoni nikatia maji ya ukwaju, maana huku ukwaju upo, na kipande kidogo cha sukari nguru. Kibuyu kikarudi kitupu. Mama mkwe akasema mzee ameuliza kama kuna mwingine. Nikauambia moyo wangu utulie.

Kisha nikaurudia mgagani. Kosa langu lilikuwa haraka. Mboga chungu huwa haitaki kuliwa siku ya kwanza. Wajaluo wanajua hilo kuliko mtu yeyote, wao huipika, huiacha, huipasha, huiacha tena, na kila mara huiongezea maziwa. Lakini ng'ombe wetu alikuwa amekauka akisubiri kuzaa. Nikakaanga karanga, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta, nikatumia hizo mahali pa maziwa. Mgagani nikauchanganya na managu, yaani mnavu, nikaulainisha kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, yaliyochujwa safi. Siku ya kwanza nikaunusa nikaufunika. Siku ya pili nikaongeza karanga. Siku ya tatu ulikuwa umepoa hasira, mzito, mtamu kwa mbali. Mzee alikula nusu. Nusu iliyorudi tuliigombania mimi na mama mkwe kwa vidole.

Asubuhi na jioni nikampa chai ya tangawizi, mchaichai na ndimu, na maji mengi juu yake. Alilalamika kwamba namfanya chura.

Lakini bado alikuwa na huzuni mezani, na mtu mwenye huzuni hali vizuri. Mama mkwe akaniambia siri. "Si samaki yenyewe anataka. Anataka ile moshi." Nikaelewa mara moja. Juu ya jiko la mama kulikuwa na uchanja ambapo miaka yote samaki walining'inia wakikauka, na nyumba nzima ilikuwa na harufu hiyo. Tulipowatoa samaki, tulimtolea mzee harufu ya nyumba yake.

Siku ya soko nikaenda Rodi nikachagua biringanya, zile nene. Nikazitia ndani ya makaa na maganda yake mpaka zikaungua nje na kulegea ndani, kisha nikaziacha juu ya uchanja, moshi wa kuni mbichi ukizipitia mpaka machozi yakanitoka. Nikazimenya, nikaziponda na karanga, kitunguu, nyanya na pilipili kidogo. Mama akazibeba zikiwa zimefunikwa. Mimi nikajificha nyuma ya jiko, masikio wazi.

Nikasikia mtu anatafuna, tena polepole. Kisha mzee akasema kwa sauti ya mtu anayeshuku neema, "Hii ni samaki gani?"

"Ya Isebania," mama akajibu bila kusita.

"Isebania hakuna ziwa."

"Kula."

Akala. Akamaliza. Akaomba ugali mwingine. Nilicheka peke yangu huko nyuma ya jiko mpaka nikakaa chini kwenye kuni.

Kuanzia hapo hatukurudi nyuma. Biringanya za moshi, mrenda, maboga na majani yake, mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika kwa simsim. Hata zile kunde alizila, akizigeuza kwanza ili kijicho kitazame upande mwingine. Mama alikuwa ananiletea habari za kidole kila asubuhi kabla ya salamu. Kimeshuka. Rangi imepungua. Leo shuka imekigusa na hakusema kitu. Nilikuwa nakijua kidole kile vizuri kuliko wangu, na sikuwa nimekitazama karibu hata mara moja.

Mvua nazo zilikuwa zinajifunga. Zilikuja alasiri, kisha zikaruka siku, kisha zikaruka mbili. Mahindi ya jirani yalikuwa yananifika magotini. Hakuna aliyemhimiza mzee. Hakuna aliyethubutu. Shemeji zangu walipita mbele ya mlango wake wakimsalimia, wakitazama mguu, wakiondoka.

Asubuhi moja, siku iliyofuata Sabato, mama mkwe alikuja mlangoni kwangu kumekucha, amejifunga leso vizuri, ana aibu fulani usoni kama bi harusi. "Uji acha kwanza," akaniambia. "Tunaenda shamba." Sikuuliza kitu. Nilikuwa Mkuria, si mjinga.

Nilitoka nikaona mzee anavuka uani peku, fimbo mkononi. Kidole hakikuwa chekundu tena, lakini alikuwa anatembelea ukingo wa mguu, na kila akiukanyaga taya linakaza. Hakijapona. Kilihitaji siku chache tu, chache, na nilikuwa na mgagani kwenye chungu uliokuwa unaingia siku yake ya tatu. Akiingia kwenye matope baridi na mguu ule, kazi yangu yote imekwenda, na labda mguu wenyewe.

Adabu zote zikanitoka. Nikasimama katikati ya njia, mbele ya baba mkwe wangu, nikamtazama usoni. "Baba, rudi. Hakijapona. Nakuomba, rudi."

Mama mkwe alijiziba mdomo. Mume wangu, aliyekuwa amebeba gunia la mbegu, aliganda. Mzee akasimama, fimbo mbele yake. Nadhani hakuwahi kuisikia sauti yangu kwa karibu.

"Mama," akaniita, mimi, mkaza mwana wake. "Umenipikia hii majani yote ndio nikae kitandani?"

Nikampisha.

Walianza mstari wao. Mama alichimba, mzee akadondosha mbegu, akafukia kwa mguu ule mzima. Tulisimama pembeni wote. Katikati akasimama akaegemea fimbo, jasho linamtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mume wangu akapiga hatua kwenda kumshika. Ndugu yake akamvuta shati. Mkono wa mwana ukiingia pale, mbegu si ya baba tena. Tukamwacha asimame. Nilikuwa nalia wazi, sijifichi, na nilikuwa na hasira naye kuliko siku ya kunde. Akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, kisha akajiachia akakaa chini kwenye matope.

"Haya," akasema. "Mnaangalia nini?"

Watu walikimbia. Wanaume wazima walikimbia na majembe kama shule imefungwa. Nami nikachukua kikapu changu nikaelekea kwenye kipande changu, na njia ilinipitisha mbele yake. Nikainamisha kichwa, nimerudi kwenye adabu zangu. Akauvuta mguu kutoka kwenye matope, akaunyoosha mbele yangu.

"Nyar Isebania, angalia," akasema. "Kidole yako imefika."

Nikakiangalia. Kisha nikaenda kupanda.